Mafuta Yangu Hayafai Uso Wako

Riziki, mwanangu,

Mkono unaoandika hapa ni wa Mama Hadija, lakini mdomo ni wangu. Unajua sikukaa darasani hata siku moja, na unajua mke mwenzangu huyu alifika darasa la sita na tangu hapo hajatuacha tusahau. Basi ukikuta neno limenyooka sana, ni lake. Likikukwaruza, ni langu, na nimemkataza kulilainisha.

Umelala nyuma ya pazia. Nimekuja kukuchungulia mara nyingi mpaka Mama Hadija amechoka. "Ashura, keti chini, mutoto hajakimbia!" Siketi. Kesho pikipiki za Kabambare zitakubeba wewe na masanduku yako kwenda kwa mume wako Juma, na jioni sitakuwa na mtu wa kumfokea. Uani watu watajaa, wanawake watapiga vigelegele, na mimi nikifungua mdomo mbele yao nitalia au nitatukana mtu. Ndiyo maana naandikisha leo. Barua nitaisokomeza ndani ya kiatu chako cha harusi, cha kulia. Utaisoma ukiwa kwako, ukishafunga mlango.

Ya kupika sitakuambia. Sombe yako ya majani ya muhogo inashinda yangu. Ya mume, mashangazi zako wamekueleza wiki nzima mpaka mimi mzee nikaona haya nikatoka nje kuangalia mbuzi. Ninachotaka kusema nawe ni habari ya uso wako.

Juzi nilikuletea sahani ya wali wa moto kule ndani ulikowekwa. Nilipofunua kifuniko, mvuke ulikupiga usoni, ukarudisha kichwa nyuma kama mtu aliyezabwa kofi. Nikakuuliza, una nini? Ukamjibu bibi yako, "Pilipili, koko." Pilipili gani, Riziki? Ulikuwa wali mtupu. Nikarudisha kifuniko nikasubiri utoke. Ulipokwenda kuoga nikaifungua ile valizi, sanduku la zawadi lililotoka kwa kina Juma.

Unakumbuka tulivyoifungua mara ya kwanza, siku walipoileta? Kila kitu kilinyanyuliwa juu watu wakione. Vikwembe vya kujifunga, vigelegele. Viatu, vigelegele. Sabuni za kunukia, vigelegele. Likanyanyuliwa na lile kopo jeupe lenye picha ya mwanamke anayecheka, nalo likapigiwa vigelegele, na sauti yangu ilikuwa juu kuliko zote. Sasa nikalikuta limekwisha kupita nusu. Ndipo nikaelewa. Tangu tukuweke ndani, kila mwanamke aliyekuja kukutazama alitoka akisema, "Aa, bibi harusi ametakata!" Nami nikajibu kwa majivuno, "Ni kivuli cha nyumba yangu." Kivuli cha nyumba yangu! Kumbe ulikuwa unajichubua kila usiku ukishazima taa, na mimi nilikuwa najisifia kopo.

Sikuja kukufokea. Ungeniambia nini? Ungesema lilitoka kwa wakwe, na mbele ya watu wote, na hakuna aliyelikataa. Ungekuwa na haki. Nililifunga kwenye pindo la kikwembe nikaenda kituo cha afya kwa yule nesi, yule yule niliyegombana naye zamani. Aliponiona mlangoni alisimama kama mtu anayetafuta njia ya kutokea dirishani.

"Koko Ashura, leo tena?"

"Leo nimekuja kwa amani. Soma hiki."

Akasoma maandishi ya ubavuni, akanusa, akaniuliza umelipaka tangu lini. Nikamwambia tangu uwekwe ndani, si zaidi. Akasema hilo si pomadi, ni dawa kali ya ngozi inayoumwa. Daktari huitoa kidogo na kwa siku chache, na mtu mwenye ngozi nzima hajipaki kila usiku kama mafuta ya urembo. Inaifanya ngozi kuwa nyembamba, ndiyo maana mvuke tu unakuchoma. Kwa kuwa hujakaa nayo sana, akasema, acha sasa. Lakini uso utakasirika kwanza. Utawasha, utakuwa mwekundu, huenda na vipele vikarudi, na hapo ndipo wanawake wengi wanalikimbilia kopo tena wakidhani ndilo linalowaponya. Wewe usilikimbilie. Na ukiona uso unavimba au unatoa maji, nenda kituo cha Kabambare wakuangalie kwa macho yao, usisikilize muuzaji wa butiki za vipodozi.

Nimesema nilipata kugombana na nesi huyu. Ulikuwa mdogo, hujui yote.

Mama yako, binti yangu, alituacha ungali kifuani. Ulibaki kwangu, mweusi mzuri, mwembamba kama uzi. Na mji huu wa Kasongo una macho. Mtoto akipita njiani miguu imepauka, magoti yana ukungu, watu hawasemi mtoto hakupakwa mafuta. Wanasema, "Huyu hana mama." Nililisikia neno hilo nyuma yangu sokoni ukiwa umefungwa mgongoni kwangu, na siku ile ile nikanunua kokwa za mchikichi, nikazikaanga mpaka zikawa nyeusi, nikazitwanga, nikachemsha, nikaengua mafuta. Kuanzia jioni ile nilikupaka kutoka utosini mpaka kwenye vidole vya miguu. Kila jioni. Uling'aa mpaka taa ilionekana shavuni kwako. Ukipita njiani, nilitaka hata kipofu ajue kwamba mtoto huyu ana mtu.

Mafuta yale yananifaa mimi. Ngozi yangu ni kavu tangu kuzaliwa, inayanywa mafuta kama mchanga. Ya mama yangu ilikuwa hivyo hivyo. Kwa hiyo nilidhani ngozi ni ngozi. Sikukumbuka kwamba baba yako, yule mtu wa Nyangwe, paji lake lilikuwa linang'aa lenyewe, hata katikati ya kiangazi, hajagusa mafuta ya mtu yeyote. Uso alikuachia yeye.

Ulipoanza kukua, vipele vikaja. Kwanza kwenye paji, kisha puani, kisha kidevuni. Mimi nikasema mwili unatoa uchafu, nikaongeza mafuta. Vikazidi, nikayapasha moto nikakupaka ya moto. Vikavimba, nikakusugua kwa nyuzi za mgomba na sabuni ya kufulia mpaka ukalia, halafu nikakupaka tena. Ulikuwa unakuja kwangu jioni mwenyewe, unakaa kati ya magoti yangu, unafumba macho ukinisubiri. Hukunikimbia. Afadhali ungenikimbia.

Siku nilipokupeleka kituoni, nesi akaniambia, "Koko, haya mafuta yako yanaziba vitundu vya ngozi yake. Uso huu una mafuta yake wenyewe ya kutosha."

Nikamwambia, "Weye ulikuwa wapi mutoto huyu alipokuwa analia usiku?" Nikamwambia na mengine ambayo Mama Hadija anakataa kuyaandika. Nikakushika mkono tukaondoka, na jioni nikakupaka mengi zaidi, kwa hasira. Wasichana wenzako wakaanza kukuita jina lile la vipele, nawe ukaanza kutembea umeshika ncha ya kitambaa mdomoni. Mimi nikaona ni adabu. Nikawa nawasifia watu, "Tazama Riziki alivyo na haya."

Mama Hadija anasema, "Ashura, unajichapa bure, mutoto anakwenda kuolewa, muandikie maneno mazuri." Nimemwambia aendelee kuandika. Sijichapi. Nataka ujue vile vipele vilitoka wapi. Havikuwa uchafu wako, wala laana, wala wivu wa mtu. Vilikuwa mafuta yangu. Nisipokuambia, utafika Kabambare ukidhani una uso mbaya unaohitaji kuchubuliwa. Uso wako ni mzuri, ulipakwa tu na mtu aliyedhani ni ngozi yake yeye.

Ngoja. Mbuzi analia. Narudi.

Hakuna kitu, ni mbuzi tu. Umegeuka ubavu, umeweka mkono chini ya shavu. Usilalie mkono, unaupa uso jasho. Siku moja utanikumbuka kwa kusumbua hata mtu aliyelala.

Sasa sikiliza. Nitakuambia nilivyojifunza, na nilijifunza kwa kuchelewa, baada ya miaka ya kumnunia nesi. Usiku mmoja mwaka jana nilikuambia unawe kwa maji tu, ukae bila kitu usoni mpaka wali uive. Ulicheka, ukasema koko anatengeneza uchawi. Wali ulipoiva nikachukua kitambaa cheupe kikavu nikakugusa nacho polepole. Paji, pua na kidevu viliacha alama ya mafuta. Mashavu hayakuacha kitu, yalikuwa yamekaza kama ngozi ya ngoma. Mimi nikajigusa, kitambaa kikabaki cheupe kote. Nilikaa nikitazama kile kitambaa mpaka ukaniuliza kama naumwa.

Ndiyo kusema una nyuso mbili katika uso mmoja, na kila mmoja unataka kitu chake. Ufanye hivi ukiwa kwako. Ukimaliza kazi za jioni, nawa mikono kwanza, maana mikono iliyochambua samaki haina kazi usoni. Kisha nawa uso kwa maji ya vuguvugu na sabuni ile laini isiyo na harufu niliyokutilia, si ya kufulia, na si zile za kunukia za valizini. Tumia ncha za vidole. Nyuzi za mgomba ziache kwa sufuria. Usisugue hata ukiona kipele kinakuchekea, na usikiminye. Jikaushe kwa kugonga-gonga tu, kwa kitambaa chako peke yako, uwe unakichemsha unapofua. Nimekukatia vinne kutoka kikwembe changu cha zamani, vimeshalainika.

Halafu, na hapa ndipo utakaponipinga kwa sababu nilikufundisha vingine, usikimbilie kupaka. Uache uso kidogo. Mashavu yakikaza, chukua mafuta ya mgando yasiyo na harufu, kiasi cha punje ya mchele, yayeyushe kati ya vidole, paka mashavuni tu. Paji na pua usiguse. Vinakaa wazi. Utaona kama umetoka uchi, utasikia sauti yangu ikikuambia umepauka. Iambie sauti yangu ilale.

Kwa sasa, kwa vile ngozi yako imechokozwa, usiongeze kitu kingine chochote. Usitie ndimu, wala dawa ya meno, wala hicho wanachokuambia jirani zako wapya. Watakuambia mengi, wote kwa upendo. Upendo wenyewe ndio nimekuwa nakueleza.

Miguu, viwiko na magoti, hivyo vimetoka kwangu. Vikavu kama vyangu. Ndiyo maana nimekutilia kichupa cha mafuta meusi, kidogo, mwisho wa chupa ya mwaka huu. Ni ya miguu. Yasipande juu ya shingo. Mama Hadija anacheka akiandika hapa, anasema nimeweka mpaka kama wa Kongo na Tanzania. Acha acheke.

Na kesho, Mama Hadija atakukumbusha kabla hujapanda: njiani, tangu kijiji cha Wamaza mtakapokuwa mnashuka pikipiki kuvuka matope, jifunike uso kwa kikwembe. Ngozi ile haijui jua sasa hivi.

Sasa nikuambie ya leo jioni, maana ukiyasikia kwa mtu mwingine yatakuwa yameongezwa chumvi. Tantini Fatuma, shangazi yake Juma aliyekuja kukuchukua, anakoroma chumba cha pili. Tulipokula, wewe ukiwa ndani na wenzako, nilikaa mbele yake. Nilikuwa nimetayarisha matusi tangu mchana, mengine sijapata kuyatumia maishani. Nikamwekea samaki mkubwa kwanza, ili asiseme nimemtukana akiwa na njaa.

"Tantini," nikamwambia, "lile kopo jeupe la mu valizi, nani alilitia?"

Akaendelea kutafuna. "Miye."

"Juma alikutuma?"

"Juma? Juma anajua nini ya mafuta ya wanawake? Yeye alinunua viatu tu, na vyenyewe vilikuwa vidogo, miye nikarudi ku soko kuvibadilisha."

Mama Hadija akacheka. Mimi sikucheka.

"Basi weye ulimuona mutoto wangu ni mweusi sana kwa nyumba yenu."

"Mama, usinitafutie maneno na chakula mkononi." Akaweka tonge chini. "Nilimuona siku ya kuchumbia. Ameshika kitambaa mdomoni hivi. Kilipoanguka nikaona vipele. Nikasema, huyu anateseka kama nilivyoteseka miye ku umri wake. Nikamutilia kilichonisaidia."

"Kilikusaidia?"

Alinawa mkono, polepole, akajifuta. Kisha akafungua kilemba chake akasogeza uso kwenye taa. Riziki, mimi nilikuwa nimemwona mwanamke yule tangu mchana na kilemba chake cha dhahabu na unga wake usoni, nikasema huyu amependeza. Chini ya unga, mashavu yana nyuzi nyekundu kama karatasi ya shule iliyochorwa mistari. Ngozi ya karibu na masikio inaonekana imelegea. Akanyoosha vidole. Vidole vyeupe, vifundo vyeusi kama vya mtu mwingine.

"Nikiacha siku mbili uso unawaka moto," akasema. "Nikipaka, unatulia. Sasa nitaacha namna gani, Mama? Niambie weye unayejua."

Matusi yangu yote yalikwenda, sijui yalikwenda wapi. Maana nilimwona amekaa pale na kopo lake, nikajiona mimi nimekaa na chupa yangu, na wewe katikati, umefumba macho, unasubiri.

Nikamwambia, "Tantini, miye nilimupaka yangu. Weye ukamutilia yako. Hakuna aliyemuuliza mutoto."

Akaanza kufunga kilemba chake. "Nawe pia?"

"Miye kabla yako. Vile vipele ulivyoviona ni kazi yangu."

Ndipo akacheka, na mimi nikacheka, na Mama Hadija akasema tumerukwa na akili wote wawili, akachukua kichwa cha samaki.

Nikamwambia maneno ya nesi. Kwamba aliyekaa na dawa ile miaka mingi asiikate ghafla peke yake. Aende aangaliwe, wamwonyeshe namna ya kuipunguza. Akasema, "Nitaona." Unajua "nitaona" ya mwanamke aliyechoka. Kwa hiyo nakupa kazi, na ndiyo kazi pekee ninayokupa katika barua hii. Ukishazoea njia za Kabambare, mchukue Tantini Fatuma mwende kituoni pamoja. Usimwambie anahitaji kutibiwa. Mwambie wewe unaogopa kwenda peke yako. Hutakuwa umesema uongo.

Kuhusu kopo, akaniuliza, "Watu walilipigia vigelegele. Litabaki hapa?"

"Litabaki hapa."

"Na ku Kabambare nitasema nini? Mama mukwe wake ameshatumiwa picha ku telefoni. Amewaonyesha majirani wote bibi harusi mweupe."

"Wambie yule wa ku picha alikataa kupanda pikipiki."

Alicheka mpaka akajishika ubavu. Lakini baada ya kucheka alisema jambo, na ndilo linalonizuia kuketi usiku huu. Alisema, "Mama, utani ni utani. Rangi yake itarudi kidogo kidogo mbele ya macho ya Juma. Na vipele pia, kwanza. Mwanaume anaweza kusema alidanganywa."

Nimezunguka ua mara ngapi sijui, nikilichambua neno hilo. Juma simjui vya kutosha. Najua anasalimia vizuri, najua alileta mchele na hakukaa kungoja shukrani. Hayo si kumjua mtu.

Najua pia kwamba kopo nikilificha hapa, butiki za Kabambare zina jingine, na siwezi kukufuata kila usiku kukunusa mashavu. Ukiamua kununua, mkono ni wako, uso ni wako. Nitakasirika, nitapiga kelele mpaka mnisikie huko, na nitaendelea kukupenda vile vile. Lakini nikuombe jambo. Juma asigundue, wewe mwambie. Usiku wa kwanza mtakapokuwa na nafasi ya kuzungumza, nawa uso mbele yake. Usitangulie kuzima taa. Mwambie, "Huu unaouona utabadilika. Nilipaka dawa, nimeacha, narudi kwenye rangi yangu." Mwambie hata ni koko aliyeharibu kwanza, nitupie mimi, mimi ni mzee, nitabeba. Kisha mtazame usoni anavyolipokea. Hapo utajua kitu ambacho mashangazi zako wote hawakuweza kukuambia.

Babu yako nilimficha ukavu wa ngozi yangu miaka yote. Nilikuwa naamka kabla yake nijipake, ili asinione nimepauka. Alipokuwa anaumwa, mwishoni, sikuwa na nafasi ya kujipaka, nikawa nakaa karibu naye vile vile, kijivu kama jivu. Siku moja akanishika mkono akasema, "Kumbe weye ni hivi." Akasema kwa raha, Riziki. Kama mtu aliyeonyeshwa chumba kipya katika nyumba yake mwenyewe. Mama Hadija alikuwepo, mwulize. Ameacha kuandika, anajifuta macho kwa kisingizio cha moshi wa taa, na taa yenyewe ni ya jua, haina moshi.

Haya, ameanza tena.

Nje kumeanza kuwa kweupe upande wa msikiti. Tantini amekohoa. Nimebakiza neno moja.

Katika nyumba yetu, kila binti anayeolewa, mkubwa wa nyumba humpaka mafuta usoni mbele ya watu kabla hajapanda chombo. Nilipakwa hivyo na mama yangu. Nilimpaka mama yako, Mungu amrehemu, hapo hapo mlangoni. Watu wanasubiri jambo hilo kuliko hata chakula. Mafuta yanatakiwa yawe mengi, bibi harusi atoke aking'aa, ili kule aendako waseme huyu ana kwao.

Unaposoma barua hii mambo yameshapita, na huenda ulikaa juu ya pikipiki njia nzima ukijiuliza. Ulisikia viganja vyangu vikavu usoni. Watu walikuwa wananong'ona, mafuta yako wapi, na labda hata wewe ulinionea huruma, ukafikiri koko amezeeka, amesahau kuchovya mikono.

Sikusahau. Nilitaka nikushike uso mara moja bila kitu katikati.

Bibi yako,
Ashura
kwa mkono wa Mama Hadija, ambaye anasema naye anakusalimu, na anasema tonge la mwisho la samaki alikuwekea wewe ukalikataa.